Bendi Haijengwi kwa Makofi: Hapo Staa Wetu Umechemka

Wadau, leo naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Kama umekuja kutafuta nani kaachana na nani, hiyo naweka kesho. Leo tuna jambo zito kidogo.

Wengi wenu mmeshaiona ile klipu. Kwa ambao hamjaiona, stori ni hii. Staa wetu mmoja mkubwa (jina silitaji, na msinifuate inbox kuuliza, mnamjua) anaandaa video mpya. Wazo lenyewe kali, wala simnyimi haki yake. Madansa wamevaa sare za gwaride, kofia ndefu zenye manyoya, vifungo vya dhahabu. Vijana wa matarumbeta, wale wanaotuchangamshia harusi juu ya pikapu, wamekodiwa na wamepanga mstari na mangoma yao. Unaona kabisa kwamba jamaa kaangalia shoo ya Beyoncé ya Coachella 2018 usiku kucha. Hakuna ubaya, wote tuliiangalia.

Ubaya ukaja pale mtu wa timu yake alipoingia live wakiwa lokesheni. Wanaonekana madansa wawili wapya, mmoja wa kiume na mmoja wa kike, wanapitishwa katikati ya safu mbili za wenzao. Kila hatua wanakula makofi ya mgongoni, wengine wanaongeza ngumi. Yule dada anatoka mwisho wa safu kashika mbavu, anajaribu kutabasamu kwa sababu simu inamwangalia. Na nyuma ya simu unamsikia staa mwenyewe anacheka, anasema hiyo ndiyo mila ya bendi za vyuo vikuu vya Marekani, na sare haivaliwi bure.

Klipu ikasambaa. Watu wakahoji. Machawa wakatoka mbio kuzima moto kwa petroli. Mtangazaji mmoja wa kipindi cha asubuhi akaongezea kwamba kizazi hiki ni laini, na kwamba bendi kubwa duniani zimekuwa kubwa kwa sababu watu walikomazwa.

Hapo ndipo waliponigusa. Nimezifuatilia bendi hizo miaka mingi, na kinachosemwa ni uongo. Si uongo wa kuchekesha wa kiki. Uongo huu umewahi kuua mtu.

Kwanza, mjue mnachoiga

Bendi zinazoongelewa ni za vyuo vilivyoanzishwa Marekani kwa ajili ya watu weusi, wakati vyuo vingi vya wazungu vilikuwa vimewafungia milango. Ziko nyingi: Southern, Grambling, Jackson State, Tennessee State ambao 2023 walibeba Grammy kwa albamu yao ya injili. Ila ukitaja gwaride la wanafunzi weusi, jina linalotangulia midomoni mwa wengi ni moja: Marching 100 ya Chuo Kikuu cha Florida A&M, mjini Tallahassee. Chuo kilianza 1887, bendi ikaanza 1892.

Kwa miaka mingi ilikuwa bendi ndogo tu. Aliyeibadilisha ni William Patrick Foster, na hapa naomba staa wetu asome taratibu.

Foster alikuwa kijana mweusi aliyesoma muziki Chuo Kikuu cha Kansas. Anajua muziki, anapuliza klarineti, na bendi ya gwaride ya chuo haimtaki. Sababu? Rangi. Akaambiwa waziwazi kwamba kwa mtu mweusi kazi ya kuongoza bendi haipo. Wengine tungeandika posti ndefu yenye emoji ya moyo uliovunjika tukalala. Yeye alijiapiza kwamba siku moja atakuwa na bendi yake, na itakuwa bora kuliko ile iliyomkataa. Mwaka 1946 akapewa kazi Florida A&M. Akakaa hapo hadi 1998. Miaka 52!

Alifanya nini katika miaka hiyo? Alibadilisha namna bendi inavyotembea. Kabla yake bendi za vyuo zilikuwa zinatembea kijeshi, kavu, mguu pande mguu sawa. Foster akataka paja lipande mpaka lilingane na ardhi, na vyombo viyumbe pamoja kushoto na kulia kama mtu mmoja. Akawafundisha mwendo wa taratibu kabisa, hatua 20 kwa dakika, unaouangalia ukihisi nywele zinasimama, halafu ghafla wanabadilika wanakwenda zaidi ya hatua 300 kwa dakika wakiwa bado wamebeba vyombo. Jaribu wewe na simu yako mkononi tu, halafu uje uniambie.

Akaondoa karatasi. Muziki unakaa kichwani, wote. Akachukua nyimbo zinazopigwa redioni wakati huo, akazipangia tarumbeta na tromboni, na bendi ikaanza kucheza uwanjani huku inapuliza. Leo ukiona bendi ya chuo inadensi katikati ya uwanja unaona kawaida. Mtu huyu ni mmoja wa walioifanya iwe kawaida.

Matokeo? Mwaka 1985 wakapewa tuzo ya Sudler, ambayo ndiyo heshima ya juu kwa bendi za gwaride za vyuo, wakiwa bendi ya kwanza ya chuo cha watu weusi kuipata. Tarehe 14 Julai 1989, Ufaransa ilipoadhimisha miaka 200 ya mapinduzi yake, waliopita barabara ya Champs-Élysées kuiwakilisha Marekani walikuwa ni hawa vijana wa Tallahassee, wakiteleza kinyumenyume kama Michael Jackson kwa muziki wa James Brown. Februari 2007, mvua inanyesha Miami, Prince anapiga gitaa kwenye Super Bowl. Bendi iliyokuwa naye uwanjani ni Marching 100.

Fikiria kijana aliyekataliwa kupuliza klarineti Kansas, kisha wanafunzi wake wanafunga barabara Paris. Hiyo ndiyo mila. Hiyo ndiyo ungeisimulia kwenye live yako, kaka.

Tizi ndiyo siri, kofi halimo

Mtu anayesema bendi hizi zilikomazwa na kipigo hajawahi kujiuliza swali dogo: kofi la mgongoni linamfundisha mtu noti gani?

Angalia kazi yenyewe. Mpuliza susafoni, lile tarumbeta kubwa linalozungushiwa mwilini kama chatu, anabeba mzigo wa kilo nyingi chini ya jua la Florida la mwezi wa nane. Anainua magoti, anageuka kona, anapumua mahali alipopangiwa kupumua, anakumbuka nyimbo kadhaa kichwani, na anajua akikosea hatua moja mstari mzima unapinda na uwanja mzima unaona. Hilo linatengenezwa na kurudia. Unarudia jana, unarudia leo, unarudia kesho, mpaka mguu unajua wenyewe. Mwenye bidii anabaki, asiyeweza anaachwa nyuma kwa haki, kwa sababu ameshindwa hatua na si kwa sababu amekataa ngumi.

Halafu kuna raha ambayo watu wa huku hatuisimulii. Kwenye mechi za vyuo hivi, mapumziko ndiyo mchezo wenyewe. Sehemu nyingine mapumziko yakifika watu wanakwenda kununua soda. Huko ndipo wanaporudi kwenye viti. Mpira wao una robo nne, lakini mashabiki wanakwambia kuna robo ya tano: mechi imeisha, wachezaji wameshaenda kuoga, na bendi mbili zimebaki majukwaani zinapigiana nyimbo, moja inatupa, nyingine inajibu, hadi upande mmoja unyamaze. Watu wanagoma kuondoka. Timu inaweza kufungwa vibaya na chuo kikarudi nyumbani kinaimba kwa sababu bendi imeshinda.

Kuna bibi anamuona mjukuu wake amevaa sare ileile aliyovaa babu yake. Kuna mtoto wa darasa la tatu amesimama pembeni ya barabara anapiga ngoma hewani. Mila ni hivyo vitu. Mtu wa kwanza kuongezea kipigo humo alikuta sherehe imeshajaa.

Sasa tuseme lile ambalo staa hakulisema

Ni kweli kwamba kipigo kilikuwepo. Sitawadanganya. Pembeni ya uwanja, nyuma ya mgongo wa walimu, wakubwa wa bendi walijitengenezea utaratibu wao: njuka akija, lazima apitishwe.

Mwaka 1998 mwanafunzi mmoja wa klarineti alichapwa kwa ubao mara nyingi kiasi kwamba figo zake ziliumia, akalazwa. Mwaka 2001 mpuliza tarumbeta mwingine akachapwa vilevile, figo zikagoma. Kesi yake ilipokwisha mwaka 2004, baraza la mahakama lilisema alipwe dola milioni 1.8. Ungetegemea hapo mtu aseme basi. Hawakusema basi. Mwishoni mwa Oktoba 2011, binti wa mwaka wa kwanza alipigwa mpaka mfupa wa paja ukavunjika.

Wiki tatu baadaye, Novemba 19, 2011, bendi ilikuwa Orlando kwa mechi kubwa ya mwaka. Usiku, baada ya mechi, ndani ya basi lililoegeshwa nje ya hoteli, drum meja wa miaka 26 aliamua kupita. Drum meja ni yule anayetangulia na fimbo, anayepinda mgongo mpaka kofia inakaribia kugusa ardhi. Alikuwa kiongozi tayari! Wazazi wake walisema alikuwa mtu wa kuipinga tabia hiyo. Lakini wenzake walieleza baadaye kwamba kwenye basi lile, bila kupita huhesabiki, hata uwe na cheo gani. Akaanzia mbele ya basi kwenda nyuma, katikati ya viti, huku anapigwa ngumi, mateke, mikanda na virungu vya ngoma. Alifika nyuma. Muda mfupi baadaye alianza kutapika, akasema hawezi kupumua. Akafa usiku uleule. Daktari aliyeuchunguza mwili alisema damu ilivujia ndani kwa kipigo, na akaandika kuwa ni kifo cha kuuawa.

Rudieni sasa klipu ya staa wetu. Safu mbili, mtu katikati, makofi, kicheko, simu. Niambieni tofauti iko wapi, mbali na kwamba yule dada wa kwetu alitoka anatembea.

Na kilichofuata Florida kiko kwenye rekodi. Watu 15 walishtakiwa. Mmoja alifungwa zaidi ya miaka 6, wengine wakapata adhabu nyepesi zaidi lakini wamebaki na doa maisha yote, vijana waliokwenda chuo kusoma muziki. Mkuu wa chuo akajiuzulu 2012. Mkurugenzi wa bendi, aliyerithi kiti cha Foster, kazi yake ikaishia hapo. Ikagundulika pia kwamba kulikuwa na watu wengi wanaojiita wanabendi ambao hata darasa la bendi hawakuwa wamejiandikisha. Chuo kikalipa familia dola milioni 1.1.

Na bendi yenyewe? Ikanyamazishwa. Msimu mzima wa 2012 mapumziko yalifika, uwanja ukawa mtupu. Bendi iliyofunga Paris haikuwa na ruhusa ya kupuliza noti moja kwenye uwanja wa kwao. Miaka 52 ya Foster nusura ifutwe na watu waliokuwa wanadai wanailinda mila yake.

Kwa hiyo ukiniambia kipigo ndicho kilichoijenga Marching 100, nakuonyesha mwaka ambao kipigo kiliizima.

Ilirudi Septemba 2013. Ndogo kuliko zamani, masharti magumu: uwe mwanafunzi kamili wa chuo, alama zako ziwe sawa, na ukigusa mtu umekwisha. Wakaanza upya na tizi. Juni 2022, Louis Vuitton ilipofanya onyesho la mavazi ya kiume kwenye uwanja wa jumba la Louvre, kumuenzi mbunifu wao Virgil Abloh aliyekuwa amefariki, waliofungua njia kwa ngoma na tarumbeta walikuwa Marching 100. Paris tena! Sidhani kama kuna mtu mmoja pale aliyeuliza nani kati yao alipigwa ngumi ngapi kwenye basi.

Utetezi wa machawa, tuupitie mmoja mmoja

Nimesoma komenti zenu zote kwenye posti ya juzi. Zipo za kuchekesha, zipo za kusikitisha. Nachagua tatu.

Komenti ya kwanza: "Walikubali wenyewe, hakuna aliyelazimishwa." Hii ndiyo inayopendwa zaidi. Sawa. Yule dada ana kodi ya chumba, ameahidiwa kuonekana kwenye video itakayopata watazamaji milioni, na anayemwambia pita ndiye anayemlipa. Hapo kukubali ni kukubali gani? Marekani walishapita hapa. Sheria ya Florida ya mwaka 2005 inasema wazi kwamba aliyefanyiwa hata kama alikubali, hilo si utetezi kwa aliyemfanyia. Waliiandika baada ya mwanafunzi mmoja kufa mwaka 2001 kwenye chuo kingine. Walijua mtu anayetaka kupendwa anaweza kukubali lolote.

Komenti ya pili: "Mbona JKT kuna kukomazwa? Mbona shuleni njuka anakomazwa?" Ndugu yangu, kuruta anakimbia, anabeba mzigo, anaamka saa kumi alfajiri. Hayo yana lengo na yana mtu wa kuwajibika. Yakipita kiasi ni makosa huko pia, cheo hakisafishi. Na kuhusu njuka, hapo naomba niseme la kwangu.

Nilisoma bweni. Wiki ya kwanza kidato cha kwanza, usiku, taa zimezimwa, tulipangwa mstari tukapita katikati ya vitanda huku tunachapwa na ndala, mikanda, na kitu kimoja ambacho mpaka leo sijui kilikuwa nini. Nilikojoa kitandani wiki mbili. Niliapa sitamfanyia mtu hivyo. Nilipofika kidato cha tatu nilisimama kwenye safu ileile, na nilipiga. Nilimpiga mtoto mmoja mwembamba aliyekuwa hajanikosea kitu, na nilijisikia mkubwa kwa kama dakika tano. Yule mtoto aliondoka shule kabla muhula haujaisha. Sijui kama ni kwa sababu yetu. Sijawahi kuwa na ujasiri wa kumtafuta nimuulize.

Kwa hiyo msinifundishe kukomazwa. Mimi kilichonikomaa ni tabia ya kuona aliyepigwa anastahili. Ndivyo kitu hiki kinavyojiendeleza: kila aliyepita anataka mwingine apite, kwa sababu akisema ni ujinga, ina maana maumivu yake yalikuwa ya bure. Na kweli yalikuwa ya bure. Kukiri hilo ndiyo kazi ngumu, siyo kupitia kwenye safu.

Komenti ya tatu, na hii iliandikwa na mtu mwenye akili zake: "Sisi hatuna utamaduni wa bendi, kwa hiyo tukiiga lazima tuige chote." Hapana. Hapo umepotea njia, na nafurahi umepotea kwa sababu nilikuwa natafuta mahali pa kulisema hili.

Sisi tulikuwa na gwaride letu

Muulize babu, au kama hayupo muulize mzee yeyote wa Mombasa, Lamu, Tanga au Unguja kuhusu beni. Neno lenyewe ni bendi, limepita kwenye ulimi wa pwani. Tangu miaka ya 1890 vijana wa mwambao waliona bendi za kijeshi za wakoloni zikipita, wakazichukua, wakazifanya zao. Mangoma, matarumbeta, sare, gwaride, vyeo kabisa: kuna Kingi, kuna majenerali. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia maaskari na wapagazi walikwenda nayo bara, ikasambaa Afrika Mashariki yote.

Na ushindani ulikuwepo wa kufa mtu, kwa maana ya msemo tu. Huku Marini, huku Arinoti. Kwingine walikuwa na Kingi na Scotchi. Nani ana sare nzuri zaidi, nani ana gwaride lililonyooka zaidi, nani kapika karamu iliyomfunika mwenzake. Ni robo ya tano ya kiswahili hiyo, bila uwanja wa mpira! Kuna nyakati ushindani ulizaa ugomvi mitaani, sisemi wazee wetu walikuwa malaika, na wakoloni walizitazama beni kwa jicho la mashaka. Lakini kundi lilikuwa na kazi nyingine pia: ukifiwa wanakuja, ukioa wanakuja, ukigeni mjini una watu. Kijana aliyetoka mbali na hana ndugu alipata ndugu ndani ya beni. Unguja mpaka leo beni inatoka kwenye harusi, watu wanaingia barabarani kucheza.

Kwa hiyo wale vijana wa matarumbeta uliowakodi, staa wetu, hawakuanza na Coachella. Wamesimama kwenye mstari wenye zaidi ya miaka 100. Ulikuwa na Foster upande mmoja, una beni upande wa pili, utajiri wote huo, na katika yote hayo ukachagua kuiga basi la Orlando. Hata kunakili kuna kuchagua.

Ninachotaka

Sitaki msanii afutwe. Najua mtaandika namtafutia ubaya, najua mtasema nimelipwa na kambi ya upande wa pili. Ningelipwa ningekuwa nimeshabadilisha hii laptopu inayozima kila nusu saa. Wimbo nimeusikia, ni mzuri, utapita. Video ikitoka nitaiweka hapa hapa.

Ila nataka mambo manne.

Moja, toka uombe radhi kwa wale madansa wawili, na si ile radhi ya "kama kuna mtu amekwazika". Sema ulichofanya. Wewe ulikuwa bosi pale, ungesema acheni wangeacha.

Mbili, wapelekwe hospitali wakapimwe kwa gharama yako. Mtu anaweza kutembea, akacheka, na ndani anavuja damu. Drum meja wa Orlando alifika mwisho wa basi kwa miguu yake.

Tatu, walimu wenu wa dansi waache huo utaratibu, na si kwenye kundi lako tu. Nimeshapokea meseji tangu juzi kutoka kwa madansa wa makundi mengine matatu, na stori zinafanana mno. Mtu mpya akija mpe hatua ngumu. Mpe ile ya magoti, mpe mwendo wa 20 kwa dakika, mrudishe mara 60. Akiweza, mvalishe sare mbele ya wenzake wampigie makofi, na safari hii makofi yawe ya viganja viwili vikikutana.

Nne ni kwako wewe mtangazaji wa asubuhi. Una redio, una masikio ya watoto wanaokwenda shule kwenye daladala wakikusikiliza. Baadhi yao wanaingia bweni Januari. Ukiwaambia kipigo kinajenga, kuna mkubwa wa bweni atakusikia na atakuamini.

Na wewe dansa mdogo unayesoma hii kwenye simu yenye kioo kilichopasuka: sare ukiipata kwa jasho ni yako. Mtu akikwambia ulipe kwa mbavu, anakuuzia kitu ambacho si chake. Foster hakuwahi kumuuzia mtu. Ondoka, na ukiogopa kuondoka peke yako, niandikie, jina lako halitatoka hapa.

Haya, uwanja wenu. Umewahi kupitishwa, shule, chuoni, kambini, kwenye kundi? Umewahi kumpitisha mtu? Semeni hapo chini. Mimi wangu nimeshausema, na wakwanza kunitukana namjua tayari, mjomba karibu, chai iko mezani.